Risasi ya Kwanza



Jumapili iliyopita, tukitoka ibadani hapa Lancaster, Pennsylvania, kijana mmoja mzaliwa wa Bukavu alinivuta kando, uso umejaa furaha. "Papa, gobori nimenunua," akaniambia. Leseni anayo, mafunzo ya uwindaji amemaliza, na sasa anahesabu siku tu mpaka msimu ufunguliwe. Nikamuuliza ameshalijaribu kwenye shabaha mara ngapi. Akashangaa. "Lakini Papa, ni jipya. Kwani kiwandani hawakulilenga?"

Sikumjibu pale mlangoni, maana jibu ni refu na watu walikuwa wanangoja kufunga kanisa. Nilimwambia asikilize redio leo. Basi mwanangu, kama umeketi karibu, jibu ni hili: hawakulilenga, na hata wangetaka wasingeweza.

Bunduki ya kawaida hula risasi iliyotengenezwa kiwandani. Ganda, baruti, kiwashio na risasi yenyewe vimekwisha kupimwa kwa mashine, na ya kwanza katika boksi haina tofauti na ya ishirini. Gobori halina hayo. Kiwanda ni wewe. Unapima baruti kwa mkono wako, unaimimina mdomoni mwa mtutu, unaweka kitambaa kilichopakwa mafuta, unakalisha juu yake risasi ya duara mfano wa gololi, kisha unashindilia kwa mdeki mpaka chini. Baruti ikizidi kidogo, kitambaa kikiwa kizito kuliko cha jana, mkono ukichoka ukashindilia kwa ulegevu, umekwisha kutengeneza risasi nyingine, nayo itakwenda kwake. Ndiyo maana nasema gobori huanza kulengwa kwenye kipimo cha baruti, kabla hujafikiria kilengeo.

Kwa ndugu zetu wanaosikiliza wakiwa nyumbani Afrika Mashariki, huenda mkashangaa kwamba Wamarekani wanawinda kwa silaha hii mpaka leo. Wanawinda, na huku Pennsylvania ni jambo la fahari. Hapa Lancaster, katika karne ya 18, mafundi wenye asili ya Ujerumani na Uswisi walifua bunduki ndefu zenye mifereji iliyojisokota ndani ya mtutu, bunduki zilizokuja kujulikana kwa jina la Kentucky ingawa nyingi zilitoka kwenye karakana za huku. Mwaka 1974 jimbo lilifungua msimu wa pekee kwa wawindaji wa gobori la jiwe. Siku hizi msimu huo hufunguliwa tarehe 26 Desemba, Krismasi ikiisha kupita, wakati mwingine theluji imelala chini. Hakuna fataki wala kiwashio cha kisasa, ni jiwe kupiga chuma na cheche kuangukia baruti. Mwezi Oktoba kuna wiki moja ya kuwinda kulungu wasio na pembe, na wiki hiyo magobori ya kisasa yanaruhusiwa, yale yenye darubini, yaliyoenea tangu Tony Knight alipotoa bunduki yake aliyoiita MK-85 mwaka 1985. Sina ugomvi nayo. Lakini kijana wetu amenunua la jiwe, na mimi pia nawinda kwa la jiwe, kwa hiyo nitazungumzia hilo.

Nilipoanza kujifunza, jambo moja lilinigusa moyo. Mimi ni mtu wa Tabora. Karne ya 19 magobori yalipita kwetu mabegani mwa misafara iliyotoka pwani, na lugha yetu ikahifadhi kila kipande chake. Jiwe la cheche ni gumegume, na bunduki yake nayo ikaitwa gumegume. Kisahani kidogo cha kutilia baruti ya kuwashia, pembeni mwa mtutu, ni kifa. Fimbo ya kushindilia ni mdeki. Leo mitaani neno gumegume limebaki la kumsemea mwanamume asiyefaa kitu, na kifa karibu limekufa kabisa. Mimi niliyaokota tena nikiwa nimesimama kwenye uwanja wa shabaha wa Pennsylvania, nikitafuta namna ya kumweleza mke wangu nilichokuwa nikifanya Jumamosi nzima.

Na nisieleweke vibaya na wa nyumbani. Gobori la kienyeji lililofuliwa kwa bomba la maji ni hatari kwa aliyelishika kabla halijawa hatari kwa mnyama, na Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inayomhusu kila mwenye silaha. Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977. Nazungumza juu ya mahali ambapo sheria inaruhusu, kwa mtutu uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Nanyi mnaoishi huku, hasa mliokuja kama wakimbizi au kwa viza, ulizeni kwanza sheria inasemaje juu ya hati mlizo nazo ndipo mshike silaha yoyote.

Sasa niwaambie kwa nini ninalishupalia jambo hili.

Msimu wangu wa kwanza nilijiandaa, au nilidhani nimejiandaa. Kuanzia mwisho wa Septemba nilikwenda uwanjani kila Jumamosi. Nilipiga risasi kumi, kumi na tano, matundu yakakusanyana vizuri kwenye karatasi, ukubwa wa kiganja kwa yadi 50. Kila Jumamosi risasi ya kwanza ilianguka chini, inchi nne hivi chini ya zile nyingine. Sikuijali. Nilijiambia mkono bado haujachangamka. Nikaziba tundu lile kwa karatasi ya gundi nikaendelea.

Desemba ikafika. Usiku wa Krismasi nilisafisha gobori, nikapaka mafuta mtutu mzima kama nilivyofundishwa, na alfajiri nikashindilia juu ya mafuta yale yale. Saa tatu asubuhi akatokea kulungu jike, hatua sitini kutoka nilipokaa, amesimama ubavu. Nikalenga nyuma kidogo ya bega. Moshi ulipotawanyika nikamwona anakimbia kwa miguu mitatu. Nilifuata damu kwenye theluji mpaka giza. Usiku ule theluji nyingine ikaanguka, na kesho yake hapakuwa na damu wala alama. Sikumpata.

Ile ndiyo risasi ya kwanza niliyokuwa nikiiziba kwa karatasi ya gundi. Kwa zaidi ya wiki kumi bunduki ilikuwa ikiniambia: nikiwa safi, nikiwa na mafuta, napiga chini. Na mwituni hakuna risasi ya pili ya kusahihisha. Gobori la jiwe hupiga moja, na kulijaza tena huchukua muda hata kwa mwenye mkono mwepesi. Risasi pekee yenye maana kwa mnyama ni ile ya kwanza, ya mtutu baridi. Hizo nyingine kumi na nne nilikuwa nazipiga kwa ajili ya karatasi.

Sababu yenyewe si fumbo. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura sehemu 75, makaa sehemu 15 na kiberiti sehemu 10, na ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa, bali hubaki kuwa moshi mzito na masizi. Masizi hayo yakishika ukuta wa mtutu, risasi inayofuata hubanwa zaidi. Mtutu safi wenye mafuta una utelezi wake, na mafuta hayo yakishuka chini hulowesha baruti. Mitutu hiyo miwili si bunduki moja. Kwa hiyo, mwanangu, amua mapema utawinda na mtutu wa namna gani, kisha lenga kwa mtutu wa namna hiyo hiyo. Mimi sasa hufuta mafuta yote kwa spiriti, napitisha vitambaa vikavu mpaka kimoja kitoke cheupe, ndipo najaza. Uwanjani, baada ya kila risasi, napitisha kitambaa chenye unyevu kidogo mara moja na vikavu viwili. Inachosha. Lakini kwa njia hiyo kila risasi inakuwa ya kwanza.

Juu ya kipimo. Wamarekani hupima baruti kwa greni, na greni 7,000 hufanya ratili moja. Pembe za baruti na vikopo vya kupimia vimeandikwa hivyo, na hupimwa kwa ujazo. Mtutu wako ni wa nusu inchi. Soma kwanza kitabu kilichokuja na bunduki, kina kiwango cha juu ambacho hutakipita hata kwa greni moja. Wengi huanzia greni 50 au 60 za baruti ya chenga za ukubwa wa kati, ile yenye herufi mbili za F kwenye kopo, kisha wanapanda greni tano tano, risasi tatu kwa kila kipimo, karatasi mpya kila mara. Utaona matundu yanakaribiana, halafu ukizidisha yanaanza kutawanyika tena. Kipimo chako ni kile kilichoyakusanya. Nguvu zaidi ya hapo ni kelele na bega kuuma. Na tafadhali, nasema kwa sauti ya juu: baruti nyeusi, au ile iliyotengenezwa na kuandikwa wazi kuwa mbadala wake. Hizo mbadala nazo mara nyingi haziwashwi vizuri na cheche za jiwe, kwa hiyo kwako wewe ni nyeusi. Baruti ya kisasa isiyo na moshi, ya risasi za kawaida, ikiingia katika gobori hupasua mtutu, na kilicho karibu na mtutu ni uso wako. Wala usimimine kutoka pembe moja kwa moja. Kaa moja likiwa bado hai chini, pembe nzima italipuka mkononi. Mimina kwenye kipimo, kisha kwenye mtutu.

Mdeki nao una kazi zaidi ya kushindilia. Risasi ikiwa imefika chini kabisa juu ya baruti, chonga alama kwenye mdeki usawa wa mdomo wa mtutu. Tangu hapo alama hiyo ndiyo shahidi wako. Ikisimama juu ya mdomo, kuna nafasi kati ya baruti na risasi, na nafasi hiyo inaweza kuvimbisha au kupasua mtutu. Usifyatue mpaka alama ishuke.

Jirani yangu, mzee aliyewinda hapa tangu ujana wake, ndiye aliyenifundisha kuokota vitambaa. Kitambaa hutoka na risasi, kinaanguka hatua chache mbele yako, na wengi hukikanyaga. Yeye aliviokota vyote akavipanga kwenye benchi kama fundi cherehani. Kilicho kizuri kina doa jeusi katikati, pindo zimechanika kidogo, na unaweza karibu kukitumia tena. Kilichoungua katikati ni chembamba mno au mafuta hayakutosha. Kilichokatwa mistari iliyonyooka kimekutana na ncha kali za mifereji ndani ya mtutu, kama ilivyo kwa mitutu mingi mipya. Hapo unatafuta kitambaa kizito zaidi, pamba imara kama ya magodoro, au unapiga risasi nyingi mpaka mtutu ulainike. Gobori langu linapenda risasi ya inchi 0.490 na kitambaa cha unene wa inchi 0.015. Lako huenda likapenda kingine. Utajua kwa kuinama na kuokota.

Baada ya hayo yote ndipo tunafika kwenye vilengeo. Usianze yadi 100. Anza 25, na karatasi kubwa, ili uone risasi inaangukia wapi. Keti kwenye benchi, mfuko wa mchanga chini ya mbao ya mbele, si chini ya chuma cha mtutu, kwa maana mtutu ukiegemea kitu kigumu huruka. Piga tatu kabla ya kugusa chochote. Tundu moja halisemi kitu, na anayesogeza kilengeo kila baada ya tundu moja atashinda siku nzima akijifukuza mwenyewe. Tafuta katikati ya matatu. Kilengeo cha nyuma kinasogezwa kule unakotaka risasi iende, cha mbele kinasogezwa kinyume chake. Na kisogeze kidogo mno. Vilengeo vikiwa vimeachana inchi 30, kwenye yadi 50 kosa la inchi moja hurekebishwa kwa kusogeza chuma moja ya sitini ya inchi, chini ya nusu milimita. Ndiyo maana mafundi hupiga alama ya penseli kwanza, kisha nyundo ndogo na kipande cha shaba laini.

Juu na chini kuna uchungu wake. Magobori mengi ya mtindo wa zamani huja na kilengeo cha mbele kirefu makusudi, kwa hiyo yanapiga chini. Ili kuinua mahali risasi inapogonga, unakata kilengeo hicho kwa tupa. Piga tupa mara tano, sita, kisha risasi tatu. Rudia. Chuma kilichokatwa hakirudi, nami nimeona watu wakimaliza kilengeo kizima asubuhi moja kwa haraka ya kwenda nyumbani. Wacha lipige inchi moja chini mpaka uwe na hakika ya baruti yako, kitambaa chako na mtutu wako, halafu umalizie. Ukifika yadi 50 na matundu yamekaa, basi jaribu 75. Risasi ya duara hupoteza mwendo upesi, na kati ya 75 na 100 inadondoka inchi kadhaa. Uone kwa macho yako inadondoka kiasi gani, kisha ujiwekee mpaka. Mpaka wangu ni 75.

Kuna adui mmoja ambaye hakai kwenye bunduki. Gumegume likipiga, moto unawaka kwenye kifa, inchi chache kutoka jichoni mwako, na inapita chembe ya muda ndipo risasi itoke. Katika chembe hiyo mwili unashtuka, kichwa kinainuka, mtutu unahama. Karatasi itakuonyesha matundu yaliyotapakaa, nawe utalaumu baruti. Toa jiwe, weka kipande cha mti mahali pake, na bunduki ikiwa tupu, nyumbani, mtutu umeelekea mahali salama, fyatua mara ishirini kila jioni ukitazama kilengeo cha mbele. Kisitikisike mpaka baada ya kishindo. Ukirudi uwanjani, weka baruti kidogo tu kwenye kifa, isizibe kitundu kinachoingia ndani. Nyingi haiwashi haraka. Kitundu kikijaa, moto unapaswa kuungua njia nzima kama utambi, nao muda unarefuka. Vaa miwani na vizibo vya masikio. Na likikataa kuwaka, usiligeuze ukalichungulia. Lishikilie likielekea kwenye tuta la udongo, hesabu dakika mbili nzima, kwa sababu cheche iliyochelewa bado ni cheche.

Viwanja vipo. Tume ya wanyama wa mawindo ya jimbo ina viwanja vya shabaha kwenye ardhi zake, na mwenye leseni ya uwindaji anaruhusiwa kuvitumia. Nenda siku za kazi, watu ni wachache.

Jambo la mwisho kwa kijana wangu, nalo ndilo ninalolifanya tangu yule jike aliponipotea. Ukishamaliza kulenga, usiridhike na siku moja nzuri. Kuanzia Novemba, bandika karatasi moja. Nenda uwanjani asubuhi ya baridi na gobori safi lililokaa usiku kucha, jaza kama utakavyojaza mwituni, piga moja tu kwa yadi 50, ukiwa umeketi chini bila benchi. Safisha, rudi nyumbani. Siku nyingine tena moja, karatasi ile ile. Mpaka yawe matundu matano ya asubuhi tano. Hayo matano ndiyo ukweli wako, hata kama ni mabaya kuliko ya benchi.

Msimu wa gumegume unafunguliwa tarehe 26 Desemba. Chukua kisahani cha chai, kifunike juu ya matundu yako matano. Yakienea ndani, njoo twende pamoja, nitakuonyesha bonde moja wanakopita. Moja likibaki nje, subiri mwakani, mwanangu, na karatasi hiyo niletee Jumapili tuitazame.